Kaka, Fizikia Muachie Mwanao

Assalamu alaykum kaka yangu. Sisi huku Unguja hatujambo, ni joto tu. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunikata maneno, na kwa sababu kina baba wengi wa Pemba watajiona humu.

Mwanao kanieleza. Mwakani anaingia kidato cha tatu, anataka mchepuo wa sayansi ili aje kuwa rubani wa ndege, wewe umemwambia achukue sanaa kwa kuwa urubani si kazi ya mwanamke, tena atakwenda kukaa na wanajeshi. Kalia mpaka simu ikamzimikia.

Hebu nikusimulie. Nilipokuja kwenye hitma, kurudi nilipanda ile ndege ndogo ya injini moja. Pale kiwanjani wakatupandisha mzanini na mizigo yetu kama magunia ya karafuu, mimi na pakacha langu la maembe (aibu ile nishaisamehe). Rubani alikuwa msichana. Akaizunguka ndege yote taratibu, akapapasa rafadha, yale mapanga ya mbele, kwa kiganja, kisha akainama chini ya bawa akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe angavu, akakiinua juani. Nikamuuliza anatafuta nini. Maji, akasema. Yakiingia kwenye mafuta hukaa chini, na injini ikiyanywa huzimika.

Nilicheka peke yangu. Wewe uliyefanya kazi kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi unajua kwamba mafuta yenu ni kinyume chake: yenyewe huzama, maji yakabaki juu. Hiyo ndiyo fizikia, kaka. Umeishika kwa mikono miaka yote hiyo, leo unamkataza mwanao kuisoma.

Halafu hilo neno lenyewe. Rubani si alikuwa wa baharini, yule ajuaye mwamba uko wapi na maji yanavuta wapi? Babu akiingia bandarini alimsikiliza yeye kuliko nahodha.

Kuna bibi mmoja wa Misri, Lotfia El Nadi. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege. Ada hakuwa nayo, akafanya kazi ya ukarani katika skuli ileile ya urubani ili ajilipie, na baba yake hakuwa na habari. Mzee alipokuja kujua alikasirika, lakini binti akampakia ndegeni wakazunguka juu ya mapiramidi. Nimekitaja kisa hiki kwa ajili ya ule uficho. Mwanao amekuja kukuomba mlangoni, hajakuficha kitu.

La jeshi nalo. Wasomali jirani zetu walikuwa na Asli Hassan Abade katika jeshi lao la anga tangu miaka ya 1970, Muislamu kama sisi. Kwetu hakuna aingiaye JWTZ akiwa rubani; kwanza ni kuruta, kuamka usiku, kwata na gwanda. Wanaoteuliwa kuwa maofisa hupitia chuo cha Monduli, na kwenda Kamandi ya Jeshi la Anga ni kuchaguliwa, si kuomba tu. Faida yake ni kuwa serikali ndiyo inayolipa. Na akitoka jeshini, saa alizoruka zimeandikwa kitabuni mwake. Akifaulu mitihani ya kiraia zinamfaa.

Njia ya uraiani ni fedha, sitakudanganya. Kwa kanuni za kimataifa leseni ya mtu binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka, ya biashara saa 200, au 150 kwa kozi maalumu iliyoidhinishwa, na ile ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, saa 1,500. Kila saa ina bei yake, na mikarafuu yetu haitoshi. Tutatafuta ufadhili, tutauza kiwanja changu cha Fuoni, hayo ni ya mbele. Na usimtishe kwa miwani yake: daktari wa anga wa kiraia huiruhusu madamu inamfanya aone sawasawa.

Ulisema pia atasafiri bila maharimu. Hilo kamuulize mwanachuoni, mimi si wa fatwa. Ila mama yetu alikuwa akitoka Wete kwa jahazi kwenda Tanga na vitenge vyake, na pesa alizorudi nazo ndizo zilizokusomesha wewe.

Sikuombi umfanye rubani. Huenda akafika kidato cha nne akataka uuguzi, huyo mtoto kila mwezi ana jipya. Lakini akiacha fizikia sasa, mlango unafungwa kabla hajaufikia, na atakayekuwa ameufunga ni wewe.

Fomu ya masomo inarudi skuli Jumatatu. Mimi nakuja na boti ya Jumamosi. Usitie sahihi mpaka nifike, na mwambie shemeji aniwekee pweza.

Dada yako