Shangazi, ile 9 uliyoizungushia duara

Shikamoo shangazi,

Juzi uliponituma nikuletee miwani, niliiona bahasha ya picha zako za kifua, zile za saratani ya mapafu. Nyuma yake umeandika kwa penseli "asilimia 9", ukaizungushia duara mara tatu, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nilinyamaza. Leo nasema, tena hadharani, maana wenye bahasha kama hiyo ni wengi.

Namba hiyo ni ya Marekani. Katika kila watu 100 waliogundulika saratani ya mapafu ikiwa imeshasambaa mbali mwilini, kama 9 huwa hai baada ya miaka 5. Ikigundulika ingali ndani ya pafu tu, ni zaidi ya 60. Sitakudanganya, 9 ni wachache. Ugonjwa huu unaua, na wewe si mtoto wa kufichwa.

Lakini ili kujua nani ameishi miaka 5, lazima kwanza miaka 5 ipite. Waliohesabiwa humo walianza matibabu zamani, wengi kabla dawa za sasa hazijaenea. Tena wamechanganywa: wa miaka 50 na wa 85, anayetembea na asiyejiweza, wenye saratani ya seli ndogo inayoenea mbio na wenye ile nyingine, isiyo ya seli ndogo, ambayo ndiyo ya wagonjwa kama 85 katika kila 100.

Yako ni hiyo nyingine. Sasa je, kile kipande cha nyama walichokukata kwenye uvimbe kilipimwa jeni? Hili linaninyima usingizi, kwa sababu kwenye bahasha sikuona jibu lake. Wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR au ALK wana vidonge vyao. Katika utafiti wa kidonge kimoja cha ALK, lorlatinibu, kwa wagonjwa kama 60 katika kila 100 saratani ilikuwa haijasonga mbele baada ya miaka 5, na walianza ikiwa imeshafika hatua za juu. Hiyo 9 yako haiwajui hao.

Halafu tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa. Umeikataa ukidhani ni ya wanaokata roho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba walioanzishiwa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walipungukiwa na huzuni na waliishi zaidi ya wenzao kwa miezi 2 na ushee. Naomba uifikirie upya, shangazi yangu.

Jumatano nakupitia asubuhi twende kliniki. Ibebe bahasha, na penseli. Swali la jeni nitaliuliza mimi, wewe uandike jibu.