Kuhusu delko la Triumph yako

Lubumbashi, 9 Februari

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi kutoka kwetu Lubumbashi, ambako mvua haijakatika tangu juma lililopita, na barua hii naiandika barazani huku maji yakimwagika kutoka kwenye bati. Sote hatujambo, na mama anauliza utakuja lini. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali ulilouliza juu ya Triumph TR4 ya marehemu baba yako si la kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Unataka kujua kama inafaa kuondoa platini, zile ncha zinazokata umeme ili cheche itokee, katika delko, kile chombo kinachogawa cheche kwa silinda za injini, na kuweka kifaa cha elektroniki. Naona inafaa. Lakini haifai kwa sababu ulizopewa na yule aliyekuahidi kwamba injini itaongezeka nguvu, wala haifai kabla hujayachunguza mambo ambayo mimi sikuyachunguza, nikayalipia kwa dola zangu mwenyewe.

Unaikumbuka MG yangu, ile MGB ya mwaka 1966 yenye usukani wa kulia, iliyovushwa Kasumbalesa kutoka Zambia na mtu aliyeimiliki kabla yangu. Niliiendesha miaka mitatu ikiwa na platini kama ilivyotoka kiwandani Abingdon, na kila baada ya miezi michache ilianza kukohoa, kuwaka kwa shida asubuhi na kunywa mafuta kuliko kawaida. Kisha Novemba moja, siku ya mvua ya kwanza, ikazimika kwenye barabara ya Likasi, tukiwa tumeshaliacha jiji mbali. Akatokea fundi wa kando ya barabara, akafungua kifuniko cha delko, akakikausha kwa pindo la shati lake, akazikwangua ncha za platini kwa kipande cha msasa alichokuwa nacho mfukoni, akapima nafasi kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, na gari likawaka. Sidhani kama alitumia hata robo saa. Nilimlipa, tukaagana, na nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba sitaki tena gari linaloponywa kwa pakiti ya sigara. Uamuzi huo ulikuwa wa hasira, na maamuzi ya hasira unajua huzaa nini.

Tuanze na platini yenyewe, kwa sababu wengi huilaumu bila kuelewa kazi yake. Mkono wake una kisigino kidogo kinachosugua nundu nne za shafti ya delko. Platini ikiwa imefunga, umeme hupita katika bobini, yaani koili inayokuza volti, na kuijaza. Nundu ikiusukuma ule mkono, platini hufunguka, umeme hukatika ghafla, na ni huko kukatika, wala si kuunganika, kunakozaa zile volti elfu nyingi zinazokwenda kuruka kwenye buji, yaani plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo hiyo, yaani mara 100 kila sekunde. Sasa fikiria kisigino kinachosugua hivyo kutoka hapa hadi Kolwezi. Kitabu cha gari langu kinataka nafasi ya kati ya milimita 0.35 na 0.40, kisigino kikilika, nafasi hupungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche nayo huchelewa. Ubaya wake ni kwamba mambo haya huja kidogo kidogo, na dereva hulizoea gari lake linavyodhoofika, akadhani ndivyo lilivyo siku zote.

Halafu kuna kondensa, ambayo hukaa pembeni ya platini na kuumeza umeme unaotaka kuruka pale ncha zinapoachana, ili zisiungue. Kuhusu hizi sina la kuficha: kondensa mpya nilizonunua mjini zilinifia mbili ndani ya mwaka mmoja, zote injini ikiwa ya moto, huku ile kuukuu iliyokuja na gari ikiwa bado hai katika kopo langu la skrubu. Kama gari lako huzimika likishapata joto na huwaka tena baada ya kupumzika nusu saa, na ncha za platini zina weusi na mashimo, badilisha kondensa kwanza. Huenda matatizo yako yote yakaishia hapo, na ukabaki na fedha za kununulia kitu kingine.

Kifaa cha elektroniki huondoa vitu hivyo viwili tu, platini na kondensa. Mahali pa nundu huvishwa pete yenye sumaku, na mahali pa platini huwekwa moduli ndogo yenye kihisio, ambacho hutambua sumaku inapopita na kukata umeme wa bobini bila kitu chochote kugusa kingine. Kanuni yake ni ya zamani kuliko magari yetu yote mawili: Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani, aliigundua mwaka 1879. Ipo pia aina inayotumia mwali wa mwanga usioonekana, unaokatwa na kisahani kinachozunguka, lakini nilichagua ya sumaku kwa kuwa yote huingia ndani ya delko, na mtu akifungua boneti haoni tofauti isipokuwa nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Bobini, rota, kifuniko, nyaya za buji, pamoja na vizito na springi zinazoisogeza mbele cheche kadiri mwendo unavyoongezeka, vyote hubaki vile vile. Ndiyo maana nasema usitegemee nguvu mpya. Utakachopata ni kwamba gari litabaki lilivyokuwa siku ya kwanza baada ya kurekebishwa, mwezi hadi mwezi, na kwangu mimi hilo linatosha.

Niseme kidogo juu ya neno hili delko, maana najua hupenda habari za maneno. Tumelipokea kutoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, ambao nao walilitoa katika jina la kampuni ya Marekani, Delco, iliyoanzishwa Dayton na Charles Kettering na mwenzake mwaka 1909, na ni Kettering huyo huyo aliyeutengeneza mfumo wa betri, bobini na platini tunaouzungumzia. Kwa hiyo wewe na mimi tuna magari ya Kiingereza yenye chombo cha Lucas, kampuni ya Kiingereza, nasi tunakiita kwa jina la Mmarekani. Ndugu zetu wa Tanzania wakitusikia hushangaa.

Sasa nikueleze kosa langu, na ukitaka kucheka, cheka. Magari ya Kiingereza ya miaka ile, la kwangu na la kwako pia, yalitoka kiwandani yakiwa na masi chanya: nguzo ya betri inayofungwa kwenye bodi ilikuwa ile ya chanya, kinyume cha magari ya leo. MGB iliendelea hivyo hadi mwaka 1967. Nikasoma kitabu, nikaangalia mwaka wa gari, nikaagiza Uingereza moduli ya masi chanya, zaidi ya dola 100 pamoja na usafirishaji, nikaisubiri kwa wiki sita. Ilipofika niliifunga Jumapili moja asubuhi, kwa utaratibu wote, mikono safi. Nikageuza ufunguo. Starta ikazungusha injini, lakini cheche haikuwapo. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu, kifaa kilikufa kimya kimya.

Ni kwamba yule aliyelimiliki kabla yangu, alipotaka kufunga redio ya kisasa, alikuwa amegeuza gari lote likawa la masi hasi, na hakumwambia mtu. Betri za MGB ni mbili za volti 6, zimefichwa chini ya kifuniko nyuma ya viti, na mimi sikujisumbua kukifungua. Linaloniuma zaidi ni kwamba gari lenyewe lilikuwa likinieleza jambo hilo kila siku: mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa umekufa tangu nilipolinunua, kwa sababu saa ile nayo ilitengenezwa kwa masi chanya na hakuna aliyeibadilisha tumbo lake. Nilidhani imechoka tu. Moduli ya pili, ya masi hasi, niliifunga baada ya kupima kwa mita mara tatu.

Hata hivyo hiyo ya pili nayo haikufanya kazi vizuri mara moja, na hapa ndipo naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Injini iliwaka, lakini ilipokuwa ikinguruma taratibu ilitetemeka, na nilipomulika alama ya krenki kwa taa ya kupimia majira ya cheche, alama ilichezacheza kama mtu mwenye homa. Nikalipeleka delko kwa mzee mmoja mwenye garaji katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Akalishika kwa vidole viwili, akaisukuma shafti huku na huku, akaniambia: “Mwanangu, umevalisha viatu vipya mguu uliovunjika.” Bushi ya shafti ilikuwa imelika. Platini hutaabika sana shafti ikiyumba, kwa kuwa nafasi yake hubadilika kila mzunguko, na sumaku huvumilia zaidi, lakini haiponyi ugonjwa huo. Mzee akachonga bushi mpya ya shaba nyeusi kwenye tono, mashine ya kukereza chuma, akailoweka katika mafuta usiku kucha, akaibana mahali pake. Akaona pia kwamba ule waya mfupi mwembamba ndani ya delko, unaounganisha kisahani kinachocheza, kile kinachobeba moduli, na bodi ya delko, ulikuwa umebaki na nyuzi mbili tatu tu, akaubadilisha. Masi ikiwa dhaifu, moduli hukatakata kazi, na utaitafuta hitilafu kila mahali isipokuwa hapo. Tangu siku hiyo alama imetulia.

Kwa hiyo wewe anza na shafti. Ondoa kifuniko na rota, ishike ncha yake, isukume kwa ubavu. Ukihisi mchezo, tengeneza kwanza. Ukikuta delko limelika kupita kiasi, unaweza kufikiria delko zima la elektroniki, kama yale ya 123ignition yanayotengenezwa Uholanzi, ambayo hayana vizito wala springi za kuchoka, ila bei yake ni ya mbali sana na moduli. Tena kwako kuna jambo ambalo kwangu halipo: katika TR4 saa ya mizunguko huendeshwa kwa kebo inayotoka kwenye delko lenyewe, si kwa umeme. Ni faida, kwa maana moduli haitaisumbua saa yako hata kidogo, lakini ukinunua delko zima lisilo na mahali pa kuunganisha kebo hiyo, saa itabaki pambo.

Mengine ni madogo. Pima bobini kabla ya kufunga. Kwa injini ya silinda nne moduli ya aina yangu inataka ukinzani wa omu 3 hivi katika upande wa volti 12, na bobini yenye omu chache zaidi huipitishia umeme mwingi hadi ikaungua. Nyaya za buji ziwe za kaboni, si za shaba tupu, kwa sababu kelele za umeme huivuruga moduli. Ufunguo usiuache kwenye kontakti injini ikiwa imezima, hata kama unasubiri foleni na unataka kusikiliza redio, maana bobini hupata joto na moduli huweza kufa nayo. Mkataze na mwanao.

Nirudi kwa yule fundi wa barabara ya Likasi, kwa sababu nimemfikiria mara nyingi. Moduli yangu ina karibu miaka miwili sasa, imepita masika mawili na vumbi jekundu la kiangazi, na sijafungua delko isipokuwa kupangusa kifuniko. Lakini ikifa njiani, hakuna msasa wala karatasi ya sigara itakayoifufua, na kati ya hapa na Kolwezi hutapata dukani nyingine kama hiyo. Ndiyo sababu katika buti, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nina kisahani kizima cha zamani chenye platini na kondensa, vimeshapimwa nafasi na kufungwa, pamoja na bisibisi ndogo. Nimefanya mazoezi ya kuvirudisha uani kwangu, na huchukua dakika ishirini. Yeyote anayekushauri uitupe platini baada ya kuweka elektroniki, hajawahi kulala ndani ya gari. Kwako wewe unayeteremka Ngomo kwenda Uvira, kopo hilo ni la lazima kuliko kwangu.

Sasa usiagize chochote bado. Betri ya TR4 iko mbele ya macho yako chini ya boneti, huna kisingizio kama changu. Fungua, fuata ule waya mnene unaofungwa kwenye bodi, uangalie unatoka nguzo ipi, kisha unipigie picha, na mwanga uwe wa kutosha, si kama ile picha ya kabureta uliyonitumia Desemba. Nikishaiona nitamwandikia yule muuzaji wa Uingereza, na bobini ya omu 3 ninayo ya ziada, nitampa binamu yangu anayesafiri kuja huko Bukavu baada ya Pasaka.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Kasongo