Daftari ulilonipokonya msibani

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa kuwa simu zangu hupokei. Ukoo utanisema nimeanika mambo ya ndani. Waniseme.

"Umekuja kuzika au kuhesabu maiti?" Ulinipokonya daftari likachanika mbele ya wanawake wote jamvini, na mama mdogo akaacha kumenya vitunguu. Swali langu lilikuwa moja tu: bibi mzaa baba alifariki ana miaka mingapi, na lile "tumbo" lilikuwa tumbo gani? Shangazi mdogo tulikuwa tumemzika asubuhi ileile. Naye mlisema tumbo.

Haikuwa kukosa adabu. Shangazi mkubwa alipofariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 41, nilijipima kwenye intaneti kwa hesabu ya Gail, ile maarufu ya Wamarekani ya kukadiria hatari ya saratani ya titi. Inauliza habari za mama, dada na binti. Shangazi hawamo. Ikaniambia niko sawa na mwanamke yeyote wa rika langu, nikalala usingizi miaka minne.

Mshauri wa jeni huku Uingereza ndiye aliyenizindua. Alichora ukoo: wanawake miduara, wanaume miraba, aliyeugua anakolezwa wino. Baba akawa mraba mweupe kati ya miduara miwili myeusi. Baba yetu, asiyejua hata homa! Lakini mwanamume huweza kuibeba kasoro ya jeni inayoleta saratani hizi asiugue, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nusu ya uwezekano wa kuirithi.

Saratani nyingi za titi si za kurithi. Za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Kinachoshtua madaktari ni titi kabla ya miaka 50, na ovari hata kwa mtu mmoja, upande uleule wa ukoo. Sasa unaona "tumbo" linaficha nini? Huku wakati ule kipimo cha damu kilitolewa uwezekano wa kuwa na kasoro hiyo ukifika 10 katika 100, na mimi nilikuwa na daftari lililochanwa. Miezi mitano ilipita hadi mama mdogo aliponipigia, akinong'ona: bibi, miaka 47, ovari.

Majibu yangu ninayo tangu mwaka jana. Kasoro iko kwenye jeni iitwayo BRCA1. Katika wanawake 100 walio na kasoro hiyo, kama 70 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na zaidi ya 40 hupata ya ovari. Ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuiwahi mapema, kwa hiyo nimetolewa zote mbili pamoja na mirija. Nyumbani nilisema ni operesheni ya uvimbe.

Ndiyo, nami nilisema uvimbe. Nilikuwa na hasira nawe, nikajiambia huyu hataki kuhesabiwa, simhesabu. Ungenikalisha pembeni siku ile ukaniuliza kwa upole, ningekwambia mapema. Hilo silifuti.

Wewe una miaka 36 na ulikuwa ukinisuka nywele kila Ijumaa. Nenda kwa mama mdogo. Daftari liko kwake, na ndani yake barua inayotaja kasoro yenyewe, ili maabara waitafute hiyohiyo tu, wasipapase. Ukurasa wa kwanza nimeuchora upya. Mduara wako uko kando ya wangu, nimeuacha mweupe. Chini yako yupo binti yako.