Neno "yoyote" lilininyima fidia ya bima

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Ujiji. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na tezo nimeishika tangu mwaka 1994. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, wavuvi, madereva wa bodaboda, mama lishe, na kila ambaye mkono wake ukilala leo, kesho chungu hakiinjikwi.

Februari 2022 nilikuwa nachonga ubao wa mninga. Tezo ikagonga fundo la mti, ikateleza na kunikata chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Damu haikuwa nyingi. Nilifunga kitambaa nikataka kuendelea, ndipo nikaona gumba halikunji. Kano ilikuwa imekatika. Daktari aliiunga, akanikataza kushika chombo chochote cha kazi mpaka atakaponiruhusu.

Asiyeijua kazi yetu anaweza kudhani kidole kimoja si kitu. Kukalafati ni kushindilia pamba iliyolowa mafuta katika kila mwanya kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu na nyundo, kuanzia omo hadi tezi. Patasi hukaa kati ya gumba na kidole cha shahada. Gumba lisipobana, patasi inacheza, pamba haiingii sawasawa. Na mtumbwi uliokalafatiwa vibaya hauvujii ufukweni mbele ya fundi. Unavujia katikati ya Ziwa Tanganyika usiku, na watu wamo ndani.

Wiki ile ya kwanza sikuwa na hofu kubwa, maana nilikuwa na bima. Mwaka 2020 kijana mmoja alikuja bandani kwangu, akaketi juu ya magogo, akanieleza kwa adabu: "Mzee, ukiumia ukashindwa kazi, sisi tunakulipa." Shilingi 20,000 kila mwezi. Nikakubali. Fomu aliijaza yeye, mimi nikatia saini. Tulipofika kwenye swali la magonjwa nikamwambia nina presha na ninatumia dawa. Akasema, "Hiyo tuiache mzee, itatuchelewesha." Siku chache baadaye akaniletea mkataba, wote kwa Kiingereza. Niliufunga kwenye mfuko wa nailoni nikauweka sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.

Nilipodai, jibu lilikuja baada ya wiki sita. Mkataba wangu ulikuwa unalipa kifo, au ulemavu wa kudumu unaomfanya mtu ashindwe kufanya kazi yoyote. Ulemavu wangu haukuwa wa kudumu, na mtu asiyeweza kushika patasi bado anaweza kukaa dukani akauza sabuni. Kwa hiyo hapakuwa na malipo.

Mwalimu mmoja jirani alinisomea ule ukurasa, akaweka kidole juu ya neno lenyewe. Nilimwomba alisome mara tatu. Nataka niwe mkweli hapa: kampuni haikuvunja mkataba. Ilifuata kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba nilichoambiwa bandani na kilichoandikwa kwenye karatasi vilikuwa vitu viwili, na hapakuwa na mtu upande wangu aliyevilinganisha kabla sijaanza kutoa hela.

Nilikaa miezi tisa bila kazi. Mama watoto aliuza mawese sokoni Mwanga, tukakopa kwenye VICOBA, drili na randa ya umeme zikaenda kwa bei ya kutupa. Kijana wangu wa kidato cha tatu alikosa muhula mzima. Hilo la mwisho bado linaniuma kuliko kidole.

Nilipopona niliapa kutogusa tena mambo ya bima. Yule mwalimu ndiye aliyenibadilisha. Alinikutanisha na mama mmoja wa makamo, dalali wa bima, ofisi yake iko Tabora na huja Kigoma kwa treni. Mpaka siku ile nilikuwa sijui kuwa wakala na dalali ni watu tofauti. Wakala anaiwakilisha kampuni iliyompa kazi, anauza bidhaa za kampuni hiyo. Dalali anamwakilisha mteja, anazunguka kwenye kampuni mbalimbali kumtafutia kinachomfaa. Wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Huyu mama alitoa leseni yake kabla sijaiomba, kisha akasema: "Fundi, ujue pia ninavyolipwa. Ukikata bima, kampuni inanipa kamisheni. Kwa hiyo nikikushauri kitu cha ghali, niulize kwa nini." Kwa maneno hayo nikaanza kumwamini.

Kwa muda mrefu hakutoa karatasi yoyote kwenye mkoba. Aliuliza tu. Kazi yangu hasa ni ipi, mkono upi, nani mwingine anaingiza hela nyumbani, nina madeni gani. Akaniuliza, "Ukilala kitandani leo, ndani kuna unga wa wiki ngapi?" Nilidhani ni mazungumzo, kumbe ndiyo hesabu yenyewe. Bima za kulinda kipato huwa na siku za kusubiri: unaumia, zinapita wiki kadhaa, ndipo malipo yanaanza. Ukikubali kusubiri muda mrefu, ada inashuka. Ukitaka malipo yaanze mapema, inapanda. Mwenye akiba ya miezi mitatu hana sababu ya kulipia haraka asiyoihitaji. Mimi nilikuwa na wiki mbili, nikamwambia ukweli.

Akataka kuona hesabu za mapato. Nikampa kaunta buku langu na miamala ya simu ya mwaka mzima. Alinieleza kwamba kampuni haiwezi kukulipa kipato chote, bali sehemu yake, ili mtu abaki na sababu ya kurudi kazini. Na hailipi kipato unachokitaja kwa mdomo, inalipa kinachoonekana. Kazi yetu inafuata mwezi: mbalamwezi wavuvi wa taa wanapumzika, giza likirudi hela inarudi. Asiyeandika atakadiriwa kwa mwezi wake mbaya. Kuhusu presha alisema kwa ukali kidogo, "Iandike! Ukificha ugonjwa, siku ya kudai wanakuwa na sababu ya kukunyima, hata kama kilichokupata hakifanani na presha." Ada ilipanda kidogo. Nailipa kwa moyo mweupe.

Kisha akafika pale nilipoumia. Alifungua mikataba ya kampuni tatu, kwenye kila mmoja akanitafsiria sehemu moja tu: wao wanaita nini "kushindwa kufanya kazi". Mmoja ulisema kazi yoyote. Mwingine ulisema kazi yako ya kawaida, ile uliyoitaja kwenye fomu. Tofauti ya ada kati ya hiyo miwili haikufika bei ya kilo mbili za dagaa kwa mwezi. Kwa huo wa kwanza, fundi aliyepoteza gumba ni mzima. Kwa wa pili, amepoteza kazi yake, na analipwa.

Hakunificha upungufu pia. Niliyokata ni bima ya ajali yenye malipo ya kila wiki kwa muda maalumu nikishindwa kazi yangu. Ajali ni ajali. Nikipigwa na kiharusi, hiyo hailipi, na kinga ya ugonjwa aliyoipata kwa mtu wa umri wangu mwenye presha ilinishinda bei. Badala yake alinishauri nijiunge NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mtu aliyejiajiri, na nitenge akiba isiyoguswa. Kuna wakala gani angeniambia nisinunue?

Nasikia wengi hapa wakisema, "Bima ya afya kwa wote inakuja, ya nini mengine?" Ile sheria ya mwaka 2023 ni njema sana, lakini bima ya afya inailipa hospitali, haileti unga nyumbani. Wengine wanautaja Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni kweli, mwajiriwa akiumia kazini mfuko ule humlipa asilimia 70 ya mshahara wake wakati anauguza jeraha. Ila huo ni wa wenye waajiri. Mimi mwajiri wangu ni tezo.

Na kuna uongo mmoja unaozunguka mialoni. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi wetu tulionja miezi mitatu bila kipato. Tangu hapo wapo wanaopita Kibirizi na Katonga wakiwaambia wavuvi kwamba bima yao italipa ziwa likifungwa tena. Nilimuuliza yule mama, akasema mikataba anayoijua ya aina hii inalipa mwili ulioumia au kuugua, si ziwa lililofungwa. Mwenye kuambiwa hivyo aombe aonyeshwe mstari unaosema hayo. Akidanganywa, aende TIRA, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi wakati wangu sikujua kama naweza kulalamika popote.

Ombi langu kwa TIRA na kampuni za bima ni dogo. Ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa mwananchi uandikwe kwa Kiswahili: nini kinalipwa, kushindwa kazi maana yake nini, siku za kusubiri ni ngapi. Nusu ukurasa unatosha.

Wakati tunasubiri, nimewaambia wavuvi waje na mikataba yao bandani Jumamosi jioni, na mwalimu anatusomea. Jumamosi iliyopita walikuja watatu. Nina penseli nyekundu ya seremala, ile ya kuchorea mbao. Mikataba miwili kati ya mitatu ilikuwa na "kazi yoyote", nikaizungushia. Mmoja wao ana injini ya mkopo, na mkewe anatarajia kujifungua mwezi ujao. Jumatatu asubuhi alipanda daladala kwenda mjini kuuliza kama neno lile linaweza kubadilishwa.

Fundi wa Mitumbwi,
Ujiji, Kigoma