Barua ya wazi kwa Katibu wa Elimu ya Juu na Utafiti: Uzamivu tunao, ajira iko wapi?

Mombasa

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia kuhusu watu ambao serikali yenyewe iliwahimiza wasome, wakasoma hadi mwisho, na sasa wanalipwa kwa saa kama vibarua. Mimi ni mmoja wao. Nina shahada ya uzamivu katika sayansi ya bahari, na ninafundisha kwa muda katika chuo kimoja cha umma hapa Pwani.

Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka kigezo kwamba mhadhiri sharti awe na uzamivu. Tuliamini kwamba nchi inayodai shahada hii ina nafasi ya mwenye nayo. Nafasi zilizotangazwa zikawa za kuhesabika, na vyuo vilivyolemewa na madeni vikapata njia ya mkato: kumchukua mtu kwa somo moja, muhula mmoja, bila bima, bila pensheni, bila likizo.

Malipo yenyewe, Mheshimiwa, huenda hivi. Muhula ukiisha najaza fomu ya madai: somo, saa nilizofundisha, idadi ya wanafunzi. Mkuu wa idara anatia sahihi, inapanda kwa mkuu wa kitivo, inapita kwa mkaguzi wa hesabu, ndipo ifike idara ya fedha. Alama za mtihani zisipokuwa zimeingizwa, fomu haipokelewi. Kwa hivyo tunasahihisha usiku kucha ili wanafunzi wasikwame. Alama zikishaingia, hakuna tena mwenye haraka nasi. Unapiga simu unaambiwa faili iko kwa fulani, ukienda kwa fulani yuko semina. Nina wanafunzi niliowafundisha wakiwa mwaka wa kwanza ambao wamefuzu na kuvaa joho, na ujira wa somo lile sijaupata.

Wakati huohuo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inanidai. Sheria inairuhusu kumtoza faini ya Sh5,000 kila mwezi anayechelewa kulipa. Sipingi kulipa mkopo. Pesa zile zilinisomesha, na wadogo zetu wanazisubiri. Lakini mbona chuo cha serikali kikikalia jasho langu zaidi ya mwaka hakitozwi hata senti?

Wahadhiri wa kudumu nao hawana raha. Mwaka wa 2025 waligoma siku 49, Septemba hadi Novemba, wakidai Sh7.9 bilioni zilizotokana na mkataba wa 2017 hadi 2021. Niliwaunga mkono kwa moyo wote. Ila wao wana mkataba wa kuweka mezani, na sisi wa muda hatukuwemo katika hesabu ile.

Wapo wanaotuambia tutafute kazi nyingine. Wenzangu wengine wamefanya hivyo: mmoja anauza bima, mwingine yuko Ujerumani akilipwa mshahara kamili wa mtafiti aliyemaliza uzamivu. Inaniuma, kwa sababu kazi waliyosomea iko hapahapa na haina mtu.

Chukua Mwache, hori yenye msitu wa mikoko karibu na Mombasa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope likafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa kwa wingi. Anayetaka kujua kama msitu unarudi hana budi kuingia matopeni maji yakipwa. Anazungusha utepe kwenye kila mti ndani ya kipande alichokipima, sentimita 130 kutoka ardhini. Ikiwa ni mkoko wenyewe, juu ya mizizi yake inayoning'inia. Anaandika huu ni mchu, ule ni mkandaa, anahesabu miche, na mwaka ujao anarudi kwenye miti ileile. Kipimo cha mara moja hakimwambii mtu kitu. Na anayelipwa kwa somo la muhula mmoja hana hakika ya kurudi mwaka ujao.

Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko wanayoitunza, tangu miaka ya 2010, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Biashara hiyo isingekuwapo bila vipimo vya wanasayansi, vya miaka mingi. Kwa hivyo mtu asiseme utafiti wetu ni wa kupamba makabati.

Fedha zake sheria imeshazitaja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na kusema Hazina iutengee asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijafikiwa. Siombi kifikiwe kesho. Naomba sehemu ya kile kinachotolewa sasa igeuzwe nafasi za utafiti za miaka mitatu kwa waliomaliza uzamivu wa sayansi, zenye mshahara, bima na pensheni, katika taasisi kama ile ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyo hapa Mombasa.

Kuhusu wahadhiri wa muda, hilo halihitaji hata bajeti mpya. Linahitaji waraka wako kwa manaibu chansela wote: kila mhadhiri wa muda apewe kandarasi iliyoandikwa kabla ya somo la kwanza, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kuwasilisha alama, na kila chuo kitangaze hadharani malimbikizo kinayodaiwa. Chuo kisichoweza kulipa kisiajiri.

Masomo ya muhula ujao yanagawanywa sasa, na simu za wakuu wa idara zimeanza kulia kututafuta. Waraka ukitoka mwezi huu utatukuta kabla hatujaingia darasani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa mikoko na mhadhiri wa muda,
Likoni