Wiki sita za kupinga tuzo ya CMA

Mhariri,

Migodini, hotelini na viwandani wapo wafanyakazi wanaolalamika kwamba mgeni na mzawa wanafanya kazi ileile kwa mishahara tofauti. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi huo, wa mshahara ukiwemo. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea au haukutokana na rangi wala utaifa. Inauma kuona watu wenye madai ya kweli wakishindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kisha wakikwamishwa Mahakama Kuu na tarehe na karatasi.

Tuzo ya CMA, yaani uamuzi wake wa maandishi, hupingwa kwa maombi ya mapitio katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu mhusika alipokabidhiwa tuzo hiyo. Aliyeipokea Machi 3, mwisho wake ni Aprili 14. Asaini na kuandika tarehe siku anayoichukua, maana tarehe iliyochapwa kwenye tuzo huwa ya nyuma na mwajiri ataishikilia hiyo. Akichelewa, itambidi aombe kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea. “Nilikuwa natafuta wakili” haitoshi.

Kwanza apeleke CMA Fomu Namba 10, yaani taarifa ya kusudio la kuomba mapitio. Mahakamani awasilishe hati za maombi pamoja na kiapo. Kiapo kibebe mambo ya kweli anayoyajua mwapaji. Hoja za kisheria zikijazwa humo, upande wa pili utaomba aya hizo zifutwe.

Jaji hasikilizi kesi upya. Anaangalia kama mwamuzi, yaani afisa wa CMA aliyetoa tuzo, alikiuka maadili ya kazi yake, kama tuzo ilipatikana kwa njia isiyo halali, au kama inakiuka sheria au haina mantiki. Kwa hiyo “mwamuzi hakunionea huruma” haina uzito. Yenye uzito ni kama hii: mwamuzi alimtaka mfanyakazi athibitishe ubaguzi mwanzo hadi mwisho, ilhali sheria ilishauhamishia mwajiri mzigo huo.

Hapo ndipo kumbukumbu za CMA zinapookoa au kuangusha. Je, mfanyakazi wa kulinganishwa naye alitajwa? Mkataba wake, cheo, majukumu na hati ya mshahara vilipokelewa kama vielelezo? Mwajiri akizificha nyaraka hizo, mwamuzi ana uwezo wa kuamuru ziletwe, lakini lazima aombwe shauri likiwa bado mbele yake. Vilevile, aliyeandika “rangi” kwenye Fomu Namba 1, ile ya kufungulia mgogoro CMA, asidai “utaifa” kwenye mapitio. Litahesabiwa dai jipya.

Naviomba vyama vya wafanyakazi vimpe kila mwanachama mtu wa kuketi naye siku ileile tuzo inapotoka, waisome yote na kuijaza Fomu Namba 10 kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Geita