Usikubali wembe

Bukavu, Kadutu, Jumapili jioni

Mama Neema wangu,

Jambo sana. Huku tuko, watoto wanasoma, mvua kila mchana. Barua hii nampa kijana wa Mapendo, kesho anapanda boti ya Goma. Ndiye aliyeniambia Alhamisi wanakupasua. Mbona hukuniambia mwenyewe?

Tangu jana sijalala vizuri, nawaza kile kidonda changu cha kupasuliwa nilipomzaa Aksanti. Siku ya sita nilikuwa nyumbani, nafurahi. Ya nane kikawa chekundu, cha moto, halafu usaha. Wiki tatu za pansema, kile kitambaa cha kufunga kidonda! Shangazi alisema ni jicho la mtu. Hapana, Mama Neema, ni uchafu ulioingia.

Basi Jumatano usiku oga mwili mzima kwa sabuni, hata ya kawaida. Na mama mkwe asikunyoe. Mimi walininyoa nyumbani kwa wembe, nikadhani ndio usafi, kumbe wembe unakwangua ngozi na vijidudu vinapata pa kuingilia. Nywele zikizuia kazi, wauguzi wazipunguze kwa mashine. Halafu umuulize munganga, yule daktari wa hospitali, habari ya shindano la antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu. Linadungwa kabla ya kupasua, dawa iwe imeshafika mwilini kisu kinapoanza. OMS, lile Shirika la Afya Duniani, iliandika mwaka 2016 kwamba isizidi dakika 120 kabla. Uliza bila haya, tumbo ni lako.

Wageni sasa. Watakuja na vikapu, kila mmoja atataka kufunua aone. Mtu asiguse pansema, na wewe mwenyewe nawa kabla ya kuishika. Mama Zawadi asikupakie majani wala unga wa kapsuli, najua atakuja nao. Vidonge vya barabarani pia usinunue. Kama hospitali haikukuandikia, achana navyo. Ukisikia homa, au kidonda kinanuka, rudi siku hiyohiyo, hata kama wiki tatu zimepita, maana kinaweza kuharibika mpaka siku ya 30.

Na wembe, tafadhali, mwambie mama mkwe mapema, kwa heshima.

Nani atakulinda hospitali? Baba Neema ameshapata mtu wa kutoa damu? Maji ya bomba yanatoka, au mnachota ziwani? Mna sabuni ya kutosha? Neema atabaki kwa nani? Nije Jumatano? Nijibu kwa huyuhuyu kijana, anarudi Jumanne.

Ni mimi,
Mama Aksanti